Kwa Sheria ya Kwao, Bado Mke wa Göran

Vijana wangu wa ofisi ya sheria ya Alby, siku mliponiaga kwa keki na maua, Kevine alininong'oneza: "Mama Mghoi, tuandikie yale ya Wafilipino, maana ukiondoka tumekwisha." Nikamwambia nitaandika. Sasa nimestaafu, muda ninao, na mume wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo mtavumilia nyinyi. Ya vyeo siandiki kwa sababu ofisi yetu haikuwa navyo, na ya mshahara mnayajua wenyewe kila mwisho wa mwezi.

Siku yangu ya kwanza bosi alikuwa Birgitta, mwanamke mrefu aliyekuwa akila karoti mbichi huku akizungumza. Aliniuliza nilisomea wapi sheria. Nikamwambia Nairobi kwanza, halafu nikaanza upya hapa Stockholm, kwa sababu Sweden haikuiamini Nairobi. Akatafuna, akafungua kabati, akanirundikia mafaili mpaka kidevuni. "Hizi ni kesi za sheria za nje," akasema. "Wewe unatoka nje." Basi, ubingwa wangu ulianza hivyo. Faili la juu kabisa lilikuwa la mama mmoja wa Ufilipino. Mimi ni Mtaita wa Voi. Ufilipino nilikuwa nimeiona kwenye ramani ya darasani tu, tena ukutani kwa nyuma. Nikajibu "Sawa" kwa sauti ya mtu anayejua anachofanya. Hiyo sauti jifunzeni mapema, itawafaa mpaka uzeeni.

Aliyeniokoa ni padri wa parokia yetu. Alinielekeza kwa mama mmoja wa Hallonbergen ambaye kila mtu alimwita Atorni Connie. Kwao wakili huitwa Atorni hata sokoni, hata hospitalini akiwa amelala na dripu, na cheo hicho hakistaafu. Alikuwa ameshika kesi huko Batangas, Ufilipino, miaka mingi kabla ya kuolewa na Mswidi, na jiko lake aliliendesha kama mahakama. Mimi nilikaa upande wa friji, yeye upande wa dirisha, na hakuna hoja iliyosikilizwa kabla sijamaliza sahani ya tambi.

Somo la kwanza lilinitoa jasho. Nilianza, "Huyu mteja wangu, shida yake ni—"

Akagonga meza kwa mwiko. "Raia wa wapi?"

"Nani?"

"Mteja wako! Raia wa wapi, na tangu lini?"

Sikujua. "Rudi Alby ukamuulize," akasema, akaondoa sahani yangu kabla sijamaliza. Nikarudi kweli, nikabadilisha treni pale katikati ya mji, nikauliza, na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena Hallonbergen na jibu langu mkononi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini alikuwa na haki, na hapo ndipo na nyinyi mnapaswa kuanzia. Sheria ya Ufilipino ya mambo ya familia humfuata raia wake popote. Akihamia Sweden, inamfuata. Akipanda treni ya laini nyekundu mpaka mwisho, inashuka naye Norsborg. Kama ameoa, ameolewa, au yuko huru, hilo huamuliwa na sheria ya kwao, hata awe amesahau harufu ya kwao. Na sheria hiyo, vijana wangu, haina talaka. Waislamu wa kule wanayo, kwa sheria yao maalumu. Wengine wote wanaweza kuomba ndoa itangazwe kuwa batili kwa sababu hizi na zile, lakini talaka ya kusema tumechoshana, kila mtu ashike njia yake, hakuna. Nilipomwambia Birgitta hivyo aliacha kutafuna, na sijawahi kumwona akiacha tena.

Mtaulizwa mengine pia. Swali linalopendwa sana huletwa na wanaume wa Kiswidi waliorudi likizo wakiwa wameungua pua. Anakuwekea picha ya ufuo mezani, anakuambia amepata kiwanja, anataka kukiandika kwa jina lake. Mwambieni pole. Katiba ya kule inasema ardhi ni ya raia. Mgeni anaweza kuwa na nyumba yake, ila si udongo ulio chini yake. Anaweza kununua fleti ghorofani mradi wageni wasijazane jengo zima. Na anaweza kurithi ardhi ya mkewe ikiwa mke hakuacha wosia na sheria yenyewe ndiyo inayogawa. Bwana mmoja alisikiliza yote hayo, akafikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo itabidi mke wangu afe kwanza?" Mke alikuwa amekaa papo hapo kando yake, anamenya chungwa. Hakuinua hata macho. "Jaribu," akamwambia. Kiwanja kikaandikwa kwa jina la mke, na ndoa yao nasikia imenawiri.

Halafu kuna wosia. Wosia wa mkono usio na mashahidi unakubalika kule kama maneno yote, tarehe na sahihi ni mwandiko wa mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mzee mmoja aliniletea wosia uliochapwa kwa kompyuta, amejaa fahari, kwa sababu alikesha akitafuta herufi zinazofanana na mwandiko wake. Nilimpa kalamu na karatasi na kikombe cha kahawa, nikamwambia aanze upya. Alilalamika kwamba vidole vinauma. Nikamwambia vidole vinavyouma ndiyo ushahidi wenyewe.

Kuhusu vifaa, kimoja tu mlikuwa mkinisengenyea nacho: kile kikoleo kidogo cha kung'olea pini, nilichokuwa nakifungia kwenye droo yangu. Mlidhani ni uchoyo. Hati inayokwenda mahakama ya nje hugongwa apostili, muhuri wa kuthibitisha kwamba hati ni ya kweli na aliyeisaini ni yeye, na kurasa zake hubanwa pamoja. Ukizing'oa pini ili unakili vizuri, kule zinafika na matundu mawili mawili, na mwanasheria wa serikali anaanza kuuliza nani aliingiza mkono humo katikati. Nakilini kwa kukunja. Karatasi ikitoka imepinda, shauri yake.

Sasa nifike kwa Luz, maana ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyajua, na nusu nyingine aliifundisha mama yake.

Luz, raia wa Ufilipino kutoka Batangas, alikuwa fundi wa meno ya bandia. Aliolewa na Göran, Mswidi, mwalimu wa muziki, kwenye ofisi ya manispaa, ndoa ya dakika chache ya kutia sahihi na kupigwa picha ngazini. Waliishi vizuri, hawakupata mtoto, na baada ya miaka wakagundua kwamba wanapendana kama watu wanaokaa ghorofa moja. Wakaomba talaka pamoja, wakaipata, wakaenda kunywa kahawa. Ndivyo Waswidi wanavyoachana. Usipokuwa makini unaweza kudhani ni siku ya kuzaliwa ya mtu.

Kisha akaja Ezekieli, dereva wa basi, Mrundi wa Norsborg, amevunjika jino la mbele. Luz alimtengenezea jino. Ezekieli alirudi wiki iliyofuata kusema jino linabana, akarudi tena kusema halibani tena, akaendelea kurudi mpaka Luz akamwambia, "Jino halina shida. Sema unachotaka." Akasema. Na walipotaka kuoana ndipo wakaja kwangu.

Mambo yalikuwa hivi. Kwa Sweden, Luz alikuwa huru. Kwa Kanisa pia, maana alikuwa Mkatoliki aliyefunga ndoa ya manispaa tu bila ruhusa, na padri alisema ndoa hiyo Kanisa halikuwahi kuihesabu. Yaani serikali ya Mfalme ilikuwa imemfungua, Roma haikuwahi kumfunga, na waliobaki kumshikilia ni Batangas peke yao. Huko alikuwa bado mke wa Göran.

Dawa yake ipo. Sheria yao inasema Mfilipino aliyefunga ndoa na mgeni, talaka halali ikitolewa nje, naye anaweza kuoa au kuolewa tena. Zamani walidai ni lazima mgeni ndiye awe ameomba talaka. Mahakama yao ya juu kabisa ikalainisha hilo, sasa hata Mfilipino mwenyewe akiomba, sawa. Angalieni tu kwamba hiyo ni kwa ndoa ya Mfilipino na mgeni. Wafilipino wawili wakiachana hapa Stockholm, kwao ni kama hawakuachana. Ndiyo maana ya lile swali la raia wa wapi na tangu lini. Lakini hata anayestahili hajifungui mwenyewe. Lazima mahakama ya kule iitambue talaka hiyo, na karani wa usajili aandike dokezo pembeni mwa cheti cha ndoa. Bila dokezo, hujaachika.

Luz alikuwa ameshajaribu mara moja kabla ya kuja kwetu, kupitia mtu aliyemwambia peleka hukumu ya talaka, inatosha. Ombi likatupwa. Na hapa tegeni masikio, kwa sababu mtu yeyote anayeishi Sweden angekosea hivyo hivyo. Sisi tunaishi ndani ya sheria hii mpaka tunaisahau, kama maji ya bomba. Jaji wa Ufilipino haijui. Haruhusiwi hata kujifanya anaijua. Sheria ya nchi ya nje mbele yake ni jambo la kuthibitishwa, sawa na ajali ya barabarani. Ukimletea hukumu bila kumthibitishia sheria iliyotumika, yeye huchukulia kwamba sheria ya nje ni sawa na ya kwao. Kwao hakuna talaka. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, Sweden pia hakuna talaka.

Nilipofafanuliwa hivyo mara ya kwanza pale jikoni nilicheka mpaka tambi zikanipalia. Atorni Connie hakucheka. "Cheka," akasema, "halafu tafuta tafsiri ya sheria ya ndoa, igongwe muhuri." Tukapeleka ombi la pili na kila kitu ndani yake. Wakili wetu wa kule akatuandikia kwamba jaji anauliza mume alikosa nini, maana hukumu ya Kiswidi ni fupi kama risiti ya duka na haitaji kosa. Tukajibu kwamba hakukosa kitu na Sweden haiulizi. Tukangoja. Na kungoja kule, watoto wangu, ni kazi ya kudumu.

Mtaniuliza, si wangeoana tu hapa? Wangeweza, Ijumaa yoyote. Nilimwambia Luz hivyo. Akachezea zipu ya koti.

"Mama Mghoi, mimi mama yangu ninaye mmoja, na yeye mtoto ananiona mimi tu. Amezeeka. Nikiolewa bila yeye kukubali, nitakuwa nimeolewa kama mwizi. Siwezi."

Na mama huyo! Nanay Puring, nanay maana yake mama, alikuwa karani wa usajili wa ndoa wa mji wao mpaka alipostaafu. Mtu aliyerudisha maharusi nyumbani kwa sababu ya herufi moja kukosewa kwenye jina la babu. Kwake mambo yalikuwa wazi. "Nikiliona dokezo pembeni mwa cheti, nitaamini. Mpaka hapo wewe ni mke wa Göran." Göran mwenyewe alikuwa akimpigia simu kila Krismasi, na alikuwa bado anaitwa mkwe. Ezekieli alipopewa simu amsalimie, aliambiwa, "Habari, Bwana Dereva," kisha akaambiwa amrudishie Luz simu. Luz alilia chooni siku hiyo. Ezekieli aliniambia, tukiwa ndani ya treni, kwamba haimuumi, kisha akapitisha kituo chake cha kushuka.

Yule aliyeishiwa na subira ni shangazi yake Ezekieli, Shangazi Spès, aliyemlea tangu walipokimbia vita. Alikuja ofisini bila miadi, akaweka mkoba wake juu ya mafaili yangu.

"Wewe ndiye mwanasheria?"

"Ndiye mimi, mama."

"Mtoto wangu anachezewa. Miaka anaambiwa ngoja karatasi, ngoja karatasi. Mais enfin, jamani! Kwetu, ukitaka binti unaenda kwa wazazi, unaomba, wanakujibu. Wakikataa, unajua umekataliwa, unaoa kwingine. Sisi tutaomba. Mama huyo atujibu mbele ya watu. Akikataa, namwondoa mtoto wangu, na yeye mwenyewe ameshakubali."

Nikamgeukia Ezekieli, aliyesimama mlangoni akiwa na sare ya kazi. Alikubali kwa kichwa, taratibu, bila kunitazama. Luz alipoambiwa alisema na yeye amekubali, maana hawezi kumfunga mtu kwenye foleni isiyokwenda. Kwa hiyo siku hiyo ya kuomba ingekuwa mwanzo wao au mwisho wao, na neno lilikuwa la bibi mmoja upande wa pili wa dunia.

Luz hakuwa na ndugu hapa wa kumsemea. Atorni Connie alisema yeye atatafsiri. Msemaji wa upande wa binti nikawa mimi.

Kama hamjawahi kuhudhuria kuomba binti kwa Warundi, mmekosa tamthilia ya bure. Wazee wa mume huja kwa maneno matamu, wa upande wa binti huwazungusha. Binti hayupo. Binti amesafiri. Binti tumeshampa mwingine. Kila kikwazo lazima kijibiwe kwa ufundi, na kadiri unavyokataa vizuri ndivyo unavyomheshimu binti. Hata ng'ombe wa mahari huzungumzwa kwa sifa zake zote, ingawa Norsborg hakuna pa kumfunga. Mimi nilikuwa nimepania. Unampa mwanasheria kazi ya kuweka vikwazo, halafu unategemea asifurahi?

Tulikutana Jumamosi asubuhi kwenye ukumbi wa wapangaji, kwao Batangas ikiwa jioni. Meza moja ilikuwa na sombe, yale majani ya mihogo, na wali, nyingine tambi za Atorni Connie, na katikati maandazi ya mdalasini aliyoleta Göran. Ndiyo, Göran alikuja. Luz alimwalika, na kwa Mswidi hakuna sababu ya mtu kukosa posa ya mke wake wa zamani kama hana kazi nyingine. Simu iliegemezwa kwenye chupa ya chai, na ndani yake alikaa Nanay Puring, nywele zimechanwa, miwani puani, bila tabasamu lolote. Atorni Connie alikaa ubavuni mwa simu na kumtafsiria kila neno.

Mzee Deo, mwalimu mstaafu, ndiye aliyesemea upande wa Ezekieli. Akasimama, akakohoa.

"Sisi tumetoka mbali. Tumepita milima, tumepita mito. Tumesikia humu ndani kuna binti."

"Karibuni," nikasema. "Maji yapo. Binti hayupo."

"Tumemwona akiingia, mama. Amevaa gauni la bluu."

"Uliyemwona ni mke wa mtu."

Ukumbi ukaitikia "Eeeh!" kwa raha, maana hivyo ndivyo inavyotakiwa.

"Mke wa nani?" akauliza Mzee Deo.

"Wa Göran."

Watu wakaangua kicheko. Shangazi Spès alijipiga paja: "Yo! Huyu Mkenya ni hatari!" Göran alikuwa na andazi mdomoni. Waliojua kwamba nimesema kweli tupu, neno kwa neno, tulikuwa watano sita, na Luz hakucheka. Alikuwa akiitazama simu.

"Basi Göran asimame!" akasema Mzee Deo. Göran akasimama, akajifuta sukari, akasema kwa Kiswidi cha polepole kwamba yeye na Luz waliachana, mahakama ilikubali, na anamtakia heri. Mzee Deo akafungua mikono. "Mmesikia! Mume mwenyewe amekiri."

"Kukiri kwa mume hakuvunji ndoa kwa sheria ya kwao."

"Kuna hukumu ya mahakama!"

"Hukumu nimeiona. Sheria iliyoizaa iko wapi? Ukumbi huu hauijui sheria ya Sweden. Isipothibitishwa, nachukulia ni sawa na ya kwetu, na kwetu hakuna talaka."

"Mama, tuko Sweden!"

"Hayo unasema wewe."

Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kucheka. Göran, ambaye alikuwa ameanza kuionea utamu, akatoa simu yake na kuanza kusoma sheria ya ndoa kwa sauti ya darasani, kifungu kwa kifungu. Nikamwacha amalize sentensi mbili. "Apostili iko wapi?" nikamuuliza. Hapo hata Mzee Deo alishindwa, akaketi kidogo apumue.

Ndipo Atorni Connie akainua mkono. "Nanay anaomba nafasi."

Kicheko kikafa. Luz alikishika kitambaa cha meza. Ezekieli aliinamisha uso na kuvikodolea macho viatu vyake.

Nanay Puring alisema sentensi fupi fupi, na Atorni Connie akazifuata. "Anauliza, huyo mama msemaji ni nani. Nimemwambia ni mwanasheria." Akasikiliza tena. "Anasema, miaka yote hii kila mtu wa Stockholm anamwambia sheria yetu ni ya kizamani. Leo ndiyo mara ya kwanza anasikia mtu akiisema sawasawa, mbele ya watu. Na nyinyi mnacheka."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Nilijiona nimeichoma harusi ya watu kwa kunogewa. Luz alikuwa ameshafumba macho.

Aliyesimama ni Shangazi Spès. Akaenda mpaka mbele ya simu, akapiga goti nusu kama tunavyosalimia wakubwa.

"Mama, hatuicheki sheria yako. Sisi kwetu ndivyo tunavyoomba. Mzazi anayempenda mtoto wake anakataa kwanza. Anakataa, anakataa, anatutafutia kila sababu, na sisi tunafurahi kwa sababu tunajua binti ana mwenyewe. Angetupa upesi, tungeogopa. Tungesema, huyu anatupwa."

Atorni Connie alitafsiri polepole, na mara moja akasita kutafuta neno. Kule kwenye kioo Nanay Puring alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena. Kisha akasema kitu, na Atorni Connie akamwomba arudie.

"Amesemaje?" akanong'ona Luz, ingawa alikuwa amesikia mwenyewe.

"Anasema," akatafsiri Atorni Connie, "kumbe miaka yote hii alikuwa akiifuata desturi yenu, na hakuna aliyemwambia."

Shangazi Spès aliweka mkono kifuani. Lakini bibi alikuwa hajamaliza, na sauti yake sasa ilikuwa ile ya dirisha la usajili, ya kumwambia mtu fomu yake imekubaliwa au haijakubaliwa.

"Sheria inakataza binti yangu kuolewa leo, na mimi siivunji. Lakini hakuna kifungu kinachonikataza mimi kupata mtoto wa kiume. Bwana Dereva, simama."

Ezekieli akasimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Umekula?"

"Bado, mama."

"Nanay," akamrekebisha. "Niite Nanay. Kula."

"Ndiyo, Nanay," akasema Ezekieli. Luz alikuwa ameshaishika simu kwa mikono miwili, anaongea kwa lugha yao, analia na kucheka, na hatukuhitaji mtu atutafsirie.

Shangazi Spès hakutaka jambo liishie hewani. "Sasa, mama, na ng'ombe wetu je? Umempokea?"

Jibu lilikuja bila kusita. "Ng'ombe asubiri hukumu. Mtoto nimeshampokea."

Ezekieli akafunika uso akalia waziwazi mbele za watu, mabega yakimtikisika, na Göran, mume halali wa Luz kwa sheria ya Batangas, akamwokotea kiti, akamkalisha, akampa karatasi ya mezani ajifute.